Jiko Moja, Bafu Moja: Kupanga Alfajiri ya Nairobi Ukiwa na Watoto Wadogo

Ushauri mwingi kuhusu alfajiri humwambia mama aamke saa kumi, halafu unaishia hapo. Anaamka saa kumi kweli, na bado ikigonga saa kumi na mbili soksi moja haionekani, uji umefurika na kuzima moto, na dereva wa gari la shule anapiga honi getini. Saa ya kuamka haikuwa na kosa. Nyumba nyingi za Nairobi zina jiko moja la gesi, bafu moja, na mtu mzima mmoja mwenye mikono huru, na vyote vitatu vinatakiwa na kila mtu ndani ya dakika arobaini zilezile. Hiyo ni foleni. Ukiamka mapema bila kuipangua, utapata foleni ileile na usingizi juu yake.

Kinachofanya kazi ni hiki: lolote linaloweza kutoka kwenye foleni lifanywe usiku, lisiloweza kutoka lipewe dakika zake na mtu wake, na dakika zako mwenyewe zikae kabla ya mtoto wa kwanza kufumbua macho. Zikikaa baada ya hapo hazitakuwa zako tena.

Hesabu huanzia getini

Usianze kupanga na kengele ya simu. Anza na dakika ambayo gari la shule linasimama getini, kisha urudi nyuma. Tuseme ni saa kumi na mbili na robo, jambo la kawaida kwa mtoto anayekaa Kahawa Wendani, Umoja au Syokimau na kusomea mtaa mwingine. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zinataja saa mbili asubuhi kuwa mwanzo wa masomo, lakini msongamano wa Thika Road haujawahi kuzisoma.

Kushuka kutoka ghorofa ya nne na mtoto wa miaka minne anayetaka kukanyaga kila ngazi mwenyewe huchukua dakika tano, na mbili zaidi akisisitiza kubeba begi lake. Kwa hivyo mlango ufungwe saa kumi na mbili na dakika nane. Viatu, sweta na choo cha mwisho huchukua dakika nane: saa kumi na mbili kamili. Kula ni dakika ishirini. Mtoto mdogo hali kwa kasi ya mtu mzima, na ukimpa dakika kumi atakula vijiko vitatu, vingine vitabaki kwenye kikombe. Kunawa na kuvaa ni dakika kumi na tano. Kuamka kwenyewe, kule kukaa ukingoni mwa kitanda akipepesa macho, ni dakika tano, na hakuna ukali unaoweza kuzifupisha. Basi anaamshwa saa kumi na moja na dakika ishirini.

Ukiwa na wawili, waachanishe kwa dakika kumi na tano. Wa kwanza kuamshwa awe yule anayevaa polepole, awe mkubwa au mdogo. Wakiamka pamoja watagombania beseni moja, kiti kimoja na mama mmoja, na dakika ulizodhani umeokoa zitaishia kwenye ugomvi.

Rudi nyuma zaidi. Ukitaka dakika arobaini zako, pamoja na kumi za kunawa uso na kumimina chai, utaamka saa kumi na nusu. Mtu mzima anahitaji saa saba za usingizi au zaidi, kwa hiyo uwe umelala saa tatu na nusu usiku. Umelala, kuwa kitandani ukipekua simu hakuhesabiki.

Sasa mtoto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka mitatu na minne, usingizi wa mchana ukiwemo. Mtoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) anayelala dakika sitini shuleni mchana na kuamshwa saa kumi na moja na dakika ishirini anapaswa awe amelala saa mbili usiku. Hapo atafikisha saa kumi na dakika ishirini kwa jumla. Kama shuleni hawalali mchana, rudisha hadi saa moja na robo.

Mipango mingi huvunjikia hapa. Mama anayetoka mjini saa kumi na moja jioni anaweza kufika Rongai saa mbili, na watoto wamemsubiri ili waogeshwe, wale, wafanye kazi ya shule, wamwone. Wanalala saa tatu na nusu, na asubuhi tunawaita wavivu. Mtoto anayeamshwa kwa kuvutwa mkono kila siku hana uvivu, ana deni la usingizi. Suluhisho lenye kuudhi lakini linalofanya kazi ni kwamba kuoga na kula kusikusubiri. Dada wa kazi, shosho au baba aliyefika mapema amalize hayo ifikapo saa moja, ili wewe ukifika ubaki na sehemu tamu: hadithi moja, maombi, taa kuzimwa. Tamthilia ya saa mbili nayo izimwe, au itazamwe kwa sauti ndogo watoto wakiwa wamelala.

Maji, na kwa nini kuoga ni kazi ya usiku

Kuoga asubuhi ndiko kunakofunga foleni yote. Bafu lina mtu, sufuria ya maji iko motoni badala ya uji, na mwezi wa Julai, alfajiri ya Nairobi ikishuka hadi nyuzi 11 au 12, mtoto analia kabla hajavuliwa nguo. Mwogeshe jioni. Asubuhi abakiwe na uso, mikono, meno, na kufutwa makalio kama bado analala na nepi.

Kwa kunawa huko, na kwa siku ambazo amekojoa kitandani na ni lazima aoge, weka maji ya moto kwenye thamosi usiku. Suuza thamosi kwanza kwa maji yanayochemka, uyamwage, ndipo uijaze hadi juu na kuifunga. Nafasi tupu ndani ndiyo inayopoza. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, na thamosi nzuri itakupa maji ya moto sana alfajiri. Maji yaliyotoka kuchemka huchanganywa kipimo kimoja kwa vitatu vya baridi. Yaliyolala kwenye thamosi huwa karibu viwili kwa vitatu. Lita tano au sita zinatosha kumwogesha mtoto mdogo kwenye beseni. Maji baridi yatangulie siku zote, ya moto yafuate, na kiwiko chako kipime kabla ya mguu wa mtoto. Watoto huungua wanapokanyaga beseni ambalo limetiwa maji ya moto peke yake wakati mama amegeuka kuchukua ya baridi.

Ukitegemea shawa ya umeme, kumbuka kwamba saa kumi na moja na nusu ploti nzima imeiwasha. Nguvu ya umeme hushuka na maji hutoka vuguvugu. Shawa hizo hula kilowati tano hivi, na birika la umeme kama mbili. Ukiviwasha pamoja, swichi kuu inaanguka na nyumba inabaki gizani ukiwa na sabuni machoni. Kimoja kwanza, kisha kingine. Tokeni ziangaliwe kwenye mita jioni, si asubuhi.

Kuhusu mgao wa maji, kila mtaa una siku zake na keateka (mtunza ploti) anazijua. Mama mwenye watoto wawili apange mitungi miwili ya lita 20 isiyoguswa kwa kufua wala kudeki, iwe ya alfajiri tu. Mmoja ubaki jikoni karibu na jiko, maana kubeba maji gizani huku mtoto ameshika dera lako ni kutafuta kuanguka.

Gesi hukatika alfajiri kwa sababu tu hapo ndipo unapoihitaji. Mtungi wa kilo 6 hauna dalili ukiwa karibu kuisha. Mwaga kikombe cha maji ya moto ubavuni mwake kisha uupapase: sehemu yenye gesi ya majimaji hubaki baridi, na iliyo tupu huwa na joto. Baridi ikiwa imeshuka hadi vidole viwili kutoka chini, nunua leo. Au uupime kwa mizani; uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye shingo au mkono wake.

Jikoni

Uji ndio chakula cha kwanza ninachokitetea, hasa wa wimbi uliochachushwa, kwa sababu kazi yake kubwa hufanyika ukiwa umelala. Koroga vikombe viwili vya unga kwa vikombe vitatu vya maji ya vuguvugu, ongeza robo kikombe cha mchanganyiko wa zamani uwe chachu, funika kwa kitambaa. Wakati wa joto huwa tayari baada ya siku moja au mbili. Julai na Agosti huchukua mbili au tatu. Ukiuonja una ukali mtamu. Ukiwa na ukungu au harufu ya kuoza, mwaga wote na uanze upya. Usiuchote ukungu na kuendelea. Ukiwa tayari, uweke kwenye friji na uchote kila asubuhi.

Asubuhi chemsha vikombe vitatu vya maji, mimina kikombe kimoja cha mchanganyiko huku ukikoroga, upike dakika kumi kwa moto mdogo. Tumia sufuria isiyojaa zaidi ya nusu. Uji hufurika pale mama anapokwenda kuvalisha, na ikiwa sufuria ina nafasi utapanda na kushuka bila kuzima moto. Maziwa usiyachemshe pamoja na uji mchachu, yatakatika. Yaongeze kwenye kikombe uji ukishapoa kidogo. Maziwa ya pakiti yameshapashwa kiwandani. Ya kupimiwa dukani au kutoka kwa mfugaji yachemshwe kwanza, na hilo lifanyike usiku ili jiko libaki huru.

Familia nyingine hupika uji usiku na kuulaza kwenye thamosi. Inawezekana, lakini kuna mtego. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 na kukaa hapo saa kadhaa, bakteria huzaana, na uji wenye maziwa huharibika kabla haujanuka. Kama ni lazima, ulale bila maziwa, kwenye thamosi iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka, na asubuhi uuchemshe tena.

Chai ya maziwa ni yako wewe. Majani ya chai hupunguza madini ya chuma ambayo mwili hupata kutoka kwa chakula, na mtoto mdogo anayahitaji sana. Uji wa wimbi na kikombe cha chai pamoja ni kuweka kwa mkono mmoja na kutoa kwa mwingine.

Mayai hapa Nairobi huchelewa kwa sababu ileile ya maji kuchemka mapema. Yai gumu linahitaji dakika 12 au 13 tangu maji yaanze kuchemka. Yachemshe usiku, yapoze, yaingie kwenye friji na maganda yake. Viazi vitamu na nduma vichemshwe pamoja na chakula cha jioni. Vikilala kwenye friji vinakatwa vipande asubuhi bila kuwasha chochote. Githeri ipikwe Jumapili, igawanywe kwa mifuko ya kikombe kimoja kimoja na kugandishwa. Mfuko mmoja ukitolewa kwenye freza usiku na kuwekwa kwenye rafu ya chini ya friji, asubuhi ni kukaanga na kitunguu na nyanya kwa dakika nane na kuingia kwenye hotipoti ukiwa moto kabisa.

Wali wa jana ndio wa kuogopa. Sufuria ya wali iliyolala juu ya jiko, hata kama usiku ulikuwa na baridi, isiende shuleni. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kupikwa, huamka wali ukipoa taratibu na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wali wa kesho utandazwe kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na upashwe moto mara moja tu. Kwa walio chini ya miaka mitano, njugu nzima na zabibu nzima zisiwemo kwenye kopo, zinakaba.

Na kopo lenyewe: kabla hujalinunua, mpe mtoto alifungue mbele yako, dukani. Mtazame vidole. Mengi yana kishikio kinachohitaji kidole gumba cha mtu mzima, na mtoto wa miaka minne huanza kwa kucha, kisha meno, kisha analigeuza chini juu na kulibana kifuani. Shuleni hatamwita mwalimu. Atarudi nalo likiwa limejaa, na wewe utadhani hakupenda mandazi. Vivyo hivyo kwa chupa ya maji na ganda la chungwa. Chungwa limenywe na kukatwa vipande usiku, ndizi iachwe na ganda lake ila ipasuliwe kidogo kichwani.

Mtoto anayetapika ndani ya gari mara nyingi amekunywa kikombe kizima cha maziwa dakika mbili kabla ya kupanda. Apewe nusu kikombe cha uji mzito na kitu kikavu kama kipande cha kiazi kitamu, amalize robo saa kabla ya kutoka, na akae karibu na mbele akitazama nje. Mwambie msimamizi wa gari. Hawajui mpaka waambiwe.

Nguo, begi na ujumbe wa saa tatu usiku

Nguo zipangwe kwenye kiti kwa mfuatano wa kuvaliwa, fulana ya ndani ikiwa juu kabisa na sweta chini, soksi ndani ya viatu, viatu vimeshapigwa rangi. Mtoto wa miaka mitano anaweza kujivalisha akifuata mpangilio huo, polepole, na hiyo ndiyo maana ya zile dakika kumi na tano. Viatu vya kubandika kuliko vya kamba, mpaka atakapojua kufunga mwenyewe.

Sweta ndiyo humtoa mama machozi. Msimu wa baridi haina jua la kuikausha, na ya sufu iliyofuliwa Jumapili jioni itakuwa na unyevu Jumatatu. Fua Ijumaa jioni. Kuwa na sweta mbili ni bora kuliko kuwa na mashati manne. Kuipasha sweta mbichi juu ya jiko la gesi au jiko la makaa ndani ya nyumba usijaribu: ni hatari ya moto, na makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa inayoua.

Begi likaguliwe mara tu mtoto anaporudi, si saa kumi na mbili kasoro robo. Dayari ya shule isainiwe hapohapo. Halafu kuna ule ujumbe unaoingia kwenye kundi la wazazi saa tatu usiku, kwamba kesho kila mtoto alete katoni, vifuniko sita vya chupa na gundi. Maduka yamefungwa. Kila mzazi wa mtoto anayesoma mtaala wa umilisi (CBC) awe na sanduku moja chini ya kitanda: katoni mbili tupu zilizokunjwa, vifuniko vya chupa, rola za karatasi ya choo, vipande vya kitambaa, uzi, gundi, manila mbili na kalamu za rangi ambazo haziruhusiwi kuchezewa. Hakuna kitu kidogo kinacholeta amani kubwa namna hiyo.

Nywele za msichana zisukwe Jumapili, mistari isiyobana. Kuchana nywele alfajiri huongeza dakika kumi na kilio.

Kazi zote hizi za usiku, ukizifanya kwa mfululizo mara watoto wakilala, huchukua dakika 30 hadi 40. Ukizifanya ukiwa umechoka saa nne usiku huchukua saa nzima na utasahau kimojawapo.

Dakika arobaini zako

Kwanza, nani asijaribu. Kama una mtoto chini ya miezi sita anayenyonya usiku, lala. Usingizi uliokatwa mara tatu haurudishwi kwa nidhamu, na hakuna kozi wala biashara itakayoharibika ikisubiri miezi mitatu.

Kwa wengine, dakika arobaini zinatosha kazi moja. Moja, si tatu. Somo la kozi, au kuandika ankara za wateja na kupanga oda za siku, au mazoezi, au sala na kusoma. Iamue usiku na uiandae hadi hatua ya mwisho: kompyuta imechajiwa na faili iko wazi, au mkeka umetandikwa, au daftari limefunguliwa ukurasa wenyewe na kalamu juu yake. Ukiamka na kujiuliza leo nifanye nini, dakika kumi na tano zimekwenda. Anayekaa karibu na msikiti, kama Eastleigh au South C, adhana ya alfajiri itampa alama ya karibu saa kumi na moja, kwamba nusu ya muda imepita.

Simu ndiyo mwizi. Kengele iwekwe kwenye mulika mwizi, ile simu ndogo ya vibonye, na ikae mbali na kitanda, ila isiwe karibu na mtoto. Simu kubwa ibaki imezimwa data. Ukifungua WhatsApp "kuangalia tu kama kuna ujumbe wa shule", utakuta ujumbe wa shule, wa chama, wa kanisa, na picha za harusi ya binti wa mjomba.

Katika bedsita au chumba kimoja, mwanga na sauti ndivyo huamsha watoto. Taa ndogo ya kuchaji ielekezwe ukutani, si juu. Pazia zito ligawe upande wa kitanda. Usikaange chochote kabla ya saa yao. Kitunguu kikigusa mafuta, wote macho. Mtoto anayelala nawe kitandani huhisi ulipoondoka pamepoa, kwa hiyo ingiza mto mwembamba mahali pako, kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja tu. Mdogo zaidi asiwekewe mto wala blanketi zito karibu.

Akiamka mapema hata hivyo, kanuni iwe ileile kila siku: anakaa kwenye mkeka karibu nawe na vitabu viwili au vifaa vya kuchezea visivyo na sauti, wala humfungulii runinga. Ukimfungulia mara moja, kesho ataamka mapema zaidi ili aitazame. Siku chache za mwanzo atakusumbua.

Anayenyonyesha na kufanya kazi mjini atumie sehemu ya muda huu kukamua. Maziwa huwa mengi alfajiri kuliko jioni kwa watu wengi. Yakikaa mezani penye joto lisilozidi nyuzi 25 ni salama kwa saa nne, na kwenye friji, nyuma kabisa na si mlangoni, hadi siku nne. Andika tarehe. Kazini pia una haki: Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea au kukamulia, na choo hakihesabiki.

Nani anashika nini

Watu wazima wawili wakimkimbiza mtoto mmoja na mwingine akiwa amekaa na soksi moja, hamjasaidiana. Gawaneni kwa mahali: mmoja ni wa jikoni, haondoki jikoni, mwingine ni wa bafu na nguo. Mtoto ndiye anayetoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kama kuna dada wa kazi, jikoni ndiko kwake, na kama anaamka saa kumi na moja basi kazi yake iishe saa tatu usiku. Anayelala saa tano na kuamka saa kumi na moja atachoma uji na utamlaumu bure. Baba achukue viatu, begi na ngazi hadi getini. Aoge kabla ya saa kumi na moja na robo au baada ya gari kuondoka. Katikati ya hapo bafu si lake, na ni vizuri alisikie hilo Jumapili mchana, kwa upole, kuliko Jumanne mlangoni.

Ukiwa peke yako, zuia kazi mbili zisitokee pamoja: uji uwe tayari na umeshamiminwa vikombeni kabla hujamwamsha yeyote. Unapoa wakati wanavaa, na jiko limezimwa kabla hujageuka.

Kupanda kwenye gari mara nyingi ni gizani au kukipambazuka, maana jua la Nairobi huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi, mwaka mzima. Subirini ndani ya geti. Kwenye mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, kila kitu kianze robo saa mapema zaidi asubuhi inayofuata usiku wa mvua, na koti la mvua litundikwe mlangoni, si kabatini.

Ukianza, usianze wiki ya kufungua shule. Anza siku kumi kabla, na uanzie jioni: saa ya kulala irudi nyuma dakika 15 kila baada ya siku tatu, kisha ya kuamka ifuate yenyewe. Jumamosi na Jumapili wasilale zaidi ya dakika sitini kupita saa yao ya kawaida ya kuamka, maana mtoto aliyelala hadi saa tatu asubuhi Jumapili hatapata usingizi saa mbili usiku. Kama Jumatatu ndiyo mbaya kila wiki, angalia Jumapili mlirudi nyumbani saa ngapi.